Pembe ya ayala haichemshwi: jibu kwa mchonga mishale wa Dayton

Swali: Shikamoo fundi. Ninaishi Dayton, Ohio. Majira ya baridi yaliyopita niliokota msituni pembe za ayala zilizoanguka zenyewe, nikaamua kuchonga mishale ya kizamani isiyo na chuma hata kidogo. Nilielekezwa nizichemshe mpaka zilainike, nami nikazichemsha kutwa nzima. Zililainika kweli, lakini zilipokauka zikawa nyeupe, zinatoa unga, na vigumba viwili, yaani ncha za mishale, vimepasuka nilipokuwa navitoboa. Nimekosea wapi? Nikifanikiwa, naweza kuwindia? Na mjomba wangu aliyeko Singida anauliza kama pembe ya swala itamfaa.

Jibu: Marahaba. Kilichokuharibia kazi ni sufuria.

Pembe ya ayala ni mfupa. Ya ng'ombe, mbuzi au swala kwa nje ni kitu cha jamii moja na kucha na kwato, na ndani ina kiini cha mfupa. Haianguki, inakua na mnyama mpaka afe. Ya ayala ni mfupa mtupu kuanzia shina hadi ncha. Inaota upya kila mwaka, inakomaa, na majira ya baridi inadondoka, ndipo wewe unapoiokota. Mfupa wowote una vitu viwili vilivyofumana: madini yanayoupa ugumu, na nyuzi za kolajeni zinazoufanya ustahimili kishindo bila kukatika. Pembe ya ayala ina madini pungufu kidogo na kolajeni nyingi kuliko mfupa wa mguu. Madume hugongana kwa pembe hizo msimu mzima na bado nyingi zinabaki nzima. Kwa mchonga mishale maana yake ni hii: kigumba cha jiwe kikigonga mwamba kinapasuka, cha pembe mara nyingi kinabonyea kidogo tu nchani, unakisugua upya na kukirudisha kazini.

Ukichemsha kwa muda mrefu, kolajeni inageuka jelatini na kutoka kwenda kwenye maji. Kinachobaki ni madini yasiyo na cha kuyashika, na huo ndio unga wako. Jambo hili lilijulikana zamani huko huko Marekani. Kapteni John Smith, katika maelezo yake ya Virginia yaliyochapishwa 1612, anasema wenyeji walichemsha kano za ayala pamoja na ncha za pembe zake mpaka vikawa rojo, wakapata gundi isiyoyeyuka kwenye maji baridi. Kwa hiyo ulichofanya kutwa nzima ni kupika gundi bila kujua. Kama maji yale bado unayo, yachuje, yapunguze kwa moto mdogo sana mpaka yawe mazito, na utayatumia kubandikia manyoya. Zile pembe zenyewe hazirudi tena. Ziweke kando, tuanze na nyingine.

Unapookota, tafuta pembe yenye rangi ya kahawia na uzito mkononi. Iliyokaa juani misimu miwili mitatu huwa nyeupe, ina nyufa za urefu, na aghalabu imeguguniwa na panya na kindi wanaofuata madini. Hiyo iache. Usiokote ndani ya hifadhi za taifa, kwa kuwa sheria ya Marekani inakataza kutoa kitu chochote cha asili humo, pembe zikiwemo. Kwenye shamba la mtu omba ruhusa kwanza. Kwingineko soma kibao cha mahali hapo kabla hujainama.

Kwa vigumba unachohitaji ni ncha za matawi, sentimita 5 au 6 za mwisho. Hapo mfupa ni mzito na umeshikamana. Ukishuka zaidi unakutana na kiini chenye vitundu, na shina lenyewe limejaa vitundu hivyo katikati. Wawindaji wa Ulaya wa zama za barafu walichonga vipande virefu kutoka ganda la nje la shina, wakichora mifereji miwili sambamba kwa jiwe kali kisha wakibandua kipande kilicho katikati, lakini hao walikuwa wanatengeneza vyembe vya mikuki. Kwa mshale wa upinde wa kawaida ncha zinatosha, na ayala mmoja mwenye matawi manane anakupa vigumba vinane, ukitoa zile zilizopinda mno.

Sasa kulainisha. Loweka kwenye maji ya kawaida, baridi, siku tatu nne, na kipande kinene hata wiki. Badilisha maji kila siku yasinuke. Pembe iliyolowa inakatika kwa kisu na hata kwa kipande cha gumegume, lile jiwe gumu lenye makali, na vumbi lake halirushwi hewani. Ikianza kukauka katikati ya kazi, irudishe majini. Maji ya moto yana nafasi moja tu: ncha ikiwa imepinda kidogo, itumbukize dakika chache kwenye maji ya moto, ibane kati ya vibao viwili, uiache ipoe humo humo. Dakika chache hazina neno.

Kukata: zungushia mkato kwa msumeno wa chuma au jiwe, uingie kina cha robo ya unene, kisha vunja. Usikate moja kwa moja mpaka mwisho kama una haraka, msumeno unaelekea kwenda upande.

Hapa ndipo vigumba vyako viwili vilipofia, kwa hiyo tukae kidogo. Watu wengi hukichonga kigumba kikapendeza kwa nje, halafu ndipo wanakitoboa. Fanya kinyume. Acha nje kukiwa kunene na kubaya, toboa kwanza, halafu punguza nje ukilifuata tundu. Tundu likiwa limekwenda mshazari kidogo, utalisahihisha kwa kusugua nje, lakini ukianza na nje huna tena nyama ya kusahihishia.

Kibane kipande kwenye jiliwa, ukikizungushia ngozi au kitambaa kinene ili meno yasikitie ufa. Kiangalie kwenye kitako: katikati utaona doa lenye vitundu vidogo. Hilo ndilo linalokuonyesha njia. Anza na keekee ya milimita 3, polepole, ukiielekeza kwenye ncha. Kila milimita chache itoe, upulize unga, utie tone la maji. Ukisikia harufu ya nywele zinazoungua, kolajeni inaungua, na umeanza kuharibu tena kile kile ulichokiharibu sufuriani. Fika kina cha sentimita 2, kisha panua mdomo mpaka milimita 7, tundu likiendelea kuwa jembamba kuelekea ndani. Ukuta usipungue milimita 2 popote. Kwa hiyo kitako kisichofika milimita 11 kwa upana kitupe, au kifanye kishaufu.

Baada ya hapo sugua nje juu ya jiwe la mchanga lenye maji, au kwa tupa na msasa, huku ukikizungusha. Umbo ni la koni ndefu, ncha kali. Ukisugua pakavu vaa barakoa na utoke nje ya nyumba, vumbi la mfupa linaumiza mapafu. Kisha kiache kikauke kivulini wiki nzima. Usikianike juani wala karibu na hita. Kikikauka kinasinyaa kidogo, na tundu nalo, ndiyo maana wano, yaani mti wa mshale, halichongwi kulifuata tundu mpaka kigumba kiwe kikavu kabisa.

Mawano Ohio ni mengi kuliko unavyodhani. Kuna viburnamu, kichaka chenye machipukizi marefu yaliyonyooka. Mtu wa barafu aliyeokotwa mwaka 1991 kwenye mpaka wa Italia na Austria, aliyekufa takriban miaka 5,300 iliyopita, alikuwa na mawano 14 podoni, yaani katika mfuko wa mishale, ya jamii hiyo ya mti, na ni mawili tu yaliyokuwa na vigumba na manyoya. Vigumba vyake vilikuwa vya gumegume, lakini humo podoni alibeba pia vipande vya pembe ya ayala. Ila chaguo langu kwako ni lingine: lile waridi-pori la kutoka Asia, lenye miiba na maua meupe mengi madogo, lililosambazwa Marekani kwa ajili ya ua za mashamba na sasa limegeuka gugu. Machipukizi yake ni mepesi, magumu, na mwenye shamba atakushukuru ukiyakata. Vaa glavu za ngozi.

Kata wakati wa baridi, majani yakiwa yamepukutika. Chukua fimbo zenye unene wa kidole kidogo, uziache ndefu kuliko unavyohitaji, uzifunge pamoja zikiwa zimebanana, uziweke kivulini kwa wiki kadhaa. Kisha ondoa gamba, pasha moto palipopinda juu ya makaa, nyoosha kwa mkono na ushikilie mpaka papoe. Mafunzo yote ya kunyoosha ni hayo, na subira. Upande mnene ndio unaokwenda mbele, kwenye kigumba. Unene wa mwisho uwe milimita 8 hadi 9. Kwa upinde wa mti wenye nguvu ya pauni 45, mshale mzima ukiwa na gramu 28 hivi unaenda vizuri, na kigumba cha pembe kitachukua kama gramu 6 mpaka 9 ya hizo.

Kiungo cha wano na kigumba ndicho kinachoamua kama mshale utadumu, kuliko ukali wa ncha. Ukichonga mbele ya wano kama penseli tupu, mshale ukigonga, ile koni inasukumwa tunduni kama kabari na kukipasua kigumba kutoka ndani. Acha bega: wano la milimita 9 liingie kwenye mdomo wa milimita 7, ili milimita moja ya mti iliyobaki pande zote ikae juu ya ukingo wa kitako. Kishindo kinapita ukingoni. Jaribu kulitia mara nyingi bila gundi. Paka masizi tunduni, tia wano, zungusha, toa: penye weusi ndipo panapogusa, papunguze. Weusi ukitapakaa mviringo mzima, kimekaa.

Gundi ya hapo isiwe ile ya kuchemsha, kwa sababu inaogopa unyevu na joto. Tumia ulimbo wa msonobari ulioyeyushwa kwa moto mdogo, uliochanganywa na unga wa mkaa, kiasi cha sehemu nne za ulimbo kwa moja ya mkaa, na nta ya nyuki kidogo. Bila nta, baridi ya Ohio itaufanya upasuke kama kioo. Yeyushia nje, kwa kuwa ulimbo unashika moto upesi. Uzuri wake ni kwamba kigumba kikiharibika unakipasha moto, kinatoka, unatia kingine kwenye wano lile lile.

Kisha funga kano. Uliza bucha zinazowakatia wawindaji nyama ya ayala mwezi Novemba. Miguu wanaitupa, na kano ndefu za miguu ya nyuma ndizo bora. Zikaushe, ziponde kwa jiwe la mviringo mpaka zitengane nyuzi, kisha zitafune. Ndiyo, zitafune, mate ndiyo yanayoanzisha kunata kwake. Ukiona kinyaa, maji ya uvuguvugu na gundi yako ya pembe vitafanya kazi, sikulazimishi. Zungushia kuanzia ukingo wa kitako kurudi nyuma sentimita 3, bila fundo, nyuzi zikipandana. Zikikauka zinajikaza zenyewe. Hapo nyuma ya kigumba ndipo mawano mengi yanapovunjikia, na ufungo huo ndio kinga yake.

Nyuma ya mshale chora pengo la kukalia upote, yaani kamba ya upinde, kina cha milimita 6 hadi 8, na ufunge kano chini yake ili upote usilipasue wano. Manyoya matatu, yote ya bawa la upande mmoja, urefu wa sentimita 12 hivi, yabandike kwa ile gundi na uyafunge ncha zote mbili. Tumia ya bata mzinga au ya bata bukini wa kufugwa. Usiokote manyoya ya tai, hata moja, hata likiwa limelala njiani. Sheria ya ndege wahamao ya 1918 na ile ya tai ya 1940 zinakataza kumiliki manyoya ya ndege wengi wa porini Marekani, na kusema uliliokota hakukuokoi. Bata mzinga hayumo katika hiyo ya 1918.

Kabla ya kuurusha, simamisha mshale ncha ikiwa juu ya ukucha wa dole gumba, uuzungushe kwa vidole vya mkono mwingine. Ukitetemeka, ncha haiko katikati. Rudi kwenye msasa. Halafu ukunje kidogo ukiusikiliza karibu na sikio. Ukisikia mlio wa kukatika, uvunje kabisa uutupe, maana wano lenye ufa linaweza kupasukia mkononi upote unapoachiwa.

Kuhusu kuwinda. Kihistoria hakuna shaka kwamba vigumba hivi viliua. Desemba 1620, pale Cape Cod, wahamiaji wa meli ya Mayflower walirushiana risasi na mishale na wenyeji, na baadaye wakaokota mishale 18: mingine ilikuwa na vigumba vya shaba, mingine vya pembe ya ayala, mingine vya kucha za tai. Na huko kwako, watu wa bonde la mto Ohio ambao wanaakiolojia wanawaita Fort Ancient waliacha vigumba vya ncha za pembe vilivyotobolewa kitako, jinsi hii hii ninayokueleza. Kijiji chao kimoja, SunWatch, kimejengwa upya hapo hapo Dayton. Nenda ukakione.

Lakini koni inatoboa, haikati. Kigumba chenye makali kinapasua mishipa ya damu, na mnyama anaanguka karibu. Koni inatengeneza tundu linaloweza kujifunga, na mnyama akaenda kufia mbali kwa mateso. Wenyeji wa zamani walimfuatilia mnyama siku nzima ikibidi, tena kundi zima. Wewe una siku mbili za wikendi. Majimbo mengi, Ohio likiwemo, yanataka kigumba cha kuwindia ayala kiwe na angalau makali mawili na upana uliotajwa katika kanuni, na koni ya pembe haina makali hata moja. Kwa hiyo mishale yako ni ya shabaha. Ukitaka kuwinda kwa mshale wa kizamani, jifunze kigumba cha jiwe au cha chuma kilichofuliwa, chukua leseni, na usome kanuni za msimu huo kabla ya kutoka.

Sasa mjomba. Mwambie pembe ya swala aiache ilipo. Kwa sheria ya wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 hiyo ni nyara ya Serikali, hata kama mnyama alijifia na yeye aliiokota tu, na kukutwa nayo bila kibali ni kesi. Hata bila sheria haimfai: ganda lake ni la jamii ya ukucha, linalainika kwa unyevu na ncha yake haikai.

Kinachomfaa kiko machinjioni: mfupa wa muundi wa ng'ombe, mnyoofu, mnene wa ganda. Auchukue mbichi, asichukue uliotoka kwenye supu, kwa sababu supu imeshaunywa ule uimara. Autoe uboho, aupasue kwa urefu, achonge vijiti vya sentimita 8 vyenye unene wa kalamu, avisugue juu ya jiwe la mchanga. Havitobolewi. Nyuma ya kijiti huchongwa mkia unaoingia kwenye tundu la wano lenyewe, kisha hufungwa kano. Mtindo huu ni wa Afrika kwa umri mkubwa: kule Sibudu, KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, kimepatikana kigumba cha mfupa cha zaidi ya miaka 60,000, na Wasan wa kusini waliendelea na vigumba vya mfupa mpaka karne za karibuni.

Na kwa kuwa yuko Singida, hana haja ya kwenda mbali kutafuta mwalimu. Mkalama, mkoani humo humo, kuna Wahadzabe, ambao kwa ndege na wanyama wadogo hutumia mshale wa mti mtupu uliochongwa ncha, bila kigumba cha aina yoyote, na vigumba vya chuma huvitengeneza kwa kufua misumari bila kuipasha moto. Aanze na huo wa mti kwa shabaha, kwa upinde mwepesi, kabla hajagusa mfupa. Na asilenge mnyama wa porini bila kibali, akiwa na kigumba au bila.